Sinema ya angani na Kidato cha Nne B

Haya wadau, nimerudi. Najua kimya kimekuwa kirefu, na kuna mtu kanitumia ujumbe kuuliza kama nimedisco. Sijadisco bana! Nilikuwa TP, wilayani Rungwe, shule moja ya kata ambako mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu kilichopo nyuma ya choo cha walimu. Na ukishapanda unakuta mwalimu wa Historia ameshawahi nafasi, anaongea na mchumba. Kwa hiyo mnisamehe.

Leo nimekaa zangu kimbwetani, boom halijatoka, lekcha ya mchana imeahirishwa, nikaona niandike hiki kitu kabla hakijapoa. Kinahusu sinema. Subirini, msikimbie, siyo uchambuzi wa picha. Kinahusu jinsi picha inavyosafiri kutoka ilikotengenezwa hadi kwenye ukumbi, kwa njia ya setilaiti, na jinsi jambo hilo lilivyonivua nguo mbele ya watoto 62.

Ilianza hivi. Wiki ya pili alikuja msimamizi wetu wa TP kunikagua. Nilikuwa nimejipanga ile mbaya. Mada ni mawimbi ya sumakuumeme, Fizikia ya Form Four. Ubao umepangika, sauti iko juu, lesson plan imenyooka kama rula. Kipindi kikaisha, tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi chini ya mparachichi. Akaniambia, "Kijana, umefundisha vizuri. Sasa nitajie wanafunzi watano walioelewa."

Kha! Nikamtajia mmoja, yule kiherehere wa mbele anayenyoosha kidole hata nisipouliza. Wa pili sikumpata. Mzee wa watu akaandika kitu kwenye karatasi yake, akafunga begi, akaaga. Nilikasirika siku nzima. Nikajisemea, kazi yangu ni kufundisha, kuelewa ni kazi yao. Nadhani wengi wetu tulioko hapa Education tumewahi kujisemea hivyo, tofauti ni kwamba mimi nakiri hadharani.

Kesho yake, kipindi kinaishia, kijana mmoja wa katikati akasimama. "Mwalimu, naomba kuuliza la nje ya somo." Nikamwambia uliza. "Hizi picha mpya za Marekani zikitoka, kumbi zote zinaonyesha siku moja. Wanazipelekaje? Wanabeba flashi?"

Darasa likacheka. Mimi nikajibu kibabe kabisa, "Wanatumia intaneti tu." Kijana akakaa kwa adabu zote, halafu akauliza taratibu, kama anamuuliza mwenzake, "Hiyo intaneti inawatosha?"

Nikagundua nimedanganya. Siyo kwamba nimesema uongo, nimesema kitu nisichokijua kwa sauti ya mtu anayejua. Nikawaambia, "Hilo nitalijibu Alhamisi." Jioni nikapanda kichuguuni, nikasoma mpaka bando likakata.

Sasa nisikilizeni, maana hiki kitu ni kitamu kuliko nilivyodhani.

Zamani picha ilikuwa mkanda kweli kweli. Picha ya saa mbili kwenye mkanda wa milimita 35 ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Inakatwa inawekwa kwenye magurudumu kadhaa, inabebwa na gari au ndege, na nakala moja tu iligharimu zaidi ya dola 1,000. Ukitaka kuonyesha kwenye kumbi elfu mbili siku moja, unatengeneza nakala elfu mbili. Kumbi za miji midogo zilikuwa zinasubiri nakala zilizochoka kutoka mijini.

Oktoba 1998 kule Marekani picha moja iitwayo The Last Broadcast ilirushwa kwa setilaiti kwenda kumbi tano. Tano tu, lakini mlango ukawa umefunguka. Mwaka 2002 kampuni saba kubwa za filamu za Hollywood zikaunda chombo cha pamoja, Digital Cinema Initiatives, na mwaka 2005 kikatoa toleo la kwanza la kanuni: picha ya kidijitali ya kwenye ukumbi iweje, ifungweje, ilindweje. Mwaka 2013 kampuni tatu za kumbi, yaani AMC, Regal na Cinemark, zikaungana na Warner Bros. na Universal kuunda mtandao wa pamoja wa kupeleka picha kwa setilaiti. Yaani washindani walikubaliana kuchangia dishi!

India nao walikuwa wameshaanza kivyao. Kampuni ya UFO Moviez ilianza mwaka 2005 kupeleka picha kwa setilaiti hadi kwenye kumbi za miji midogo, zile za skrini moja. Mafaili yao ni madogo kuliko yale ya kanuni za Hollywood, maana yamebanwa kwa njia nyingine, lakini mji mdogo ukaanza kupata picha siku moja na Mumbai badala ya kusubiri nakala iliyochakaa huku mtaani nakala za wizi zimeshajaa.

Hapo nikafanya hesabu, si mnajua tena ugonjwa wa watu wa Fizikia na Hesabu. Picha inapita fremu 24 kwa sekunde. Saa mbili ni fremu 172,800, na kila moja inahifadhiwa peke yake kama picha kamili. Kanuni zinaruhusu upande wa picha utumie hadi megabiti 250 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 7,200, gawanya kwa nane, unapata GB 225. Hiyo ndiyo dari, nyingi zinakuwa chini yake. Sasa chukua njia ya setilaiti yenye megabiti 40 kwa sekunde: GB 225 zinachukua saa 12 na nusu kufika.

Hapa ndipo nilipokuwa najidanganya. Nilidhani setilaiti inarusha picha huku watu wanaangalia, kama mpira. Hapana! Inafika taratibu kuliko inavyoangaliwa. Inarushwa siku kadhaa kabla, inahifadhiwa kwenye mashine ya ukumbini, halafu ndiyo inaonyeshwa. Na utamu wenyewe ni huu: ukirusha kwa kumbi elfu moja, bado ni saa 12 na nusu zile zile. Setilaiti iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, inamwaga chini, kila mwenye dishi anakinga. Kwa intaneti kila ukumbi ungevuta GB zake 225 peke yake. Kwa hiyo swali la yule kijana lilikuwa swali zuri kuliko jibu langu.

Jumatano nikashuka Tukuyu mjini kumtafuta fundi wa madishi. Nikamkuta juu ya bati la nyumba ya mtu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu mwalimu, panda ngazi hiyo." Nikapanda na viatu vyangu vya TP. Nikamweleza ninachotafuta, akasema sinema hazijui, ila dishi ni dishi, na upokeaji ni upokeaji.

Akanifundisha mambo ambayo nikiyalinganisha na niliyosoma, ndiyo yale yale ya kufunga dishi kwenye ukumbi. Kwanza unatazama anga: mti, ghorofa, chochote kilichosimama kati ya dishi na setilaiti ni ukuta. Halafu nguzo isimame wima, upime kwa timazi, maana ikilala kidogo vipimo vyote vinadanganya. Kisha unatafuta pembe mbili, ya kuzungusha na ya kuinua. Sisi tuko karibu na ikweta, dishi linaweza kuangalia karibu utosini. La kwake kubwa alilitoboa tundu chini maji yasituame. Kule Marekani linalazimika kuinamia kusini. Mwisho unazungusha kile kichwa cha kupokea kidogo kidogo mpaka kikae sawa na mwelekeo wa wimbi.

Halafu akanionyesha kidubwasha chake cha kupimia. Kina mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Mstari wa nguvu ulikuwa asilimia 80. Nikasema, "Fundi, tayari!" Akacheka. "Mwalimu, angalia ubora." Sifuri. Akasema nguvu ni kelele tu, dishi linasikia kitu lakini halijui ni nini. Akasogeza dishi upana wa kidole, ubora ukapanda, picha ikaja.

Jamani, nilishuka ngazi nikiwa nimenyamaza. Nguvu asilimia 80, ubora sifuri. Nilimkumbuka msimamizi wangu na benchi lake.

Nikamuuliza na habari ya mvua. Akanijibu mvua kubwa inakula mawimbi, na dawa yake ni dishi kubwa zaidi. Ni kweli kabisa kwa Fizikia: masafa yale ya gigahezi 12 yana wimbi la sentimita 2.5 tu, matone yanalivuruga kirahisi. Masafa ya gigahezi 4 yana wimbi la sentimita 7.5, yanavumilia, lakini yanataka dishi kubwa.

Sasa ukumbini kazi haiishii kwenye dishi. Waya unashuka hadi kwenye risiva na seva ya kuhifadhia, seva inaunganishwa na mashine za kila projekta, halafu lazima kuwe na laini ya kurudi. Hii laini ya kurudi ndiyo iliyonitoa usingizi. Setilaiti inamwaga, haisikii. Kumbi elfu moja haziwezi kila moja kupiga kelele "rudia hapo!" kwa kila kipande. Kwa hiyo mrushaji anafanya mambo matatu. La kwanza, anaongeza vipande vya ziada vilivyokokotolewa kutokana na vile vya kwanza, ili ukumbi uliopoteza vichache uvipate wenyewe kwa hesabu. La pili, ukumbi unahakiki faili kwa namba maalumu inayofanya kazi kama alama ya kidole: likibadilika hata kidogo, namba haifanani. La tatu, kwa laini ya kawaida ya intaneti ukumbi unarudisha taarifa, nimepata vyote, au nimekosa hivi na hivi, navyo vinarushwa tena. Ikishindikana kabisa, eksteno inapandishwa kwenye gari. Kwa hiyo kijana wangu wa flashi hakukosea hata hapo!

Matangazo ya moja kwa moja ndiyo yana presha. Metropolitan Opera ya New York ilianza tarehe 30 Desemba 2006 kurusha maonyesho yake live kwenye kumbi za sinema kwa setilaiti. Pale hakuna kurudia. Kikikosekana kimekosekana, watu wameshakaa na wamelipa.

Alhamisi ikafika. Mada ile ile, darasa lile lile. Nikampandisha kijana mwenye swali juu ya dawati, nikamwambia, "Wewe setilaiti." Wengine wote ni kumbi za sinema. Nikampa karatasi yenye namba nne, 7, 4, 9, 5, na ya tano 25, ambayo ni jumla yao. Sheria: anasoma mara moja, hakuna kuuliza.

Akafungua mdomo tu, mvua ikashuka. Mnaoijua mvua ya Rungwe juu ya bati lisilo na dari hamhitaji maelezo. Sikuipanga, naapa. Wa mbele wakapata zote. Wa katikati wengi wakakosa moja, ile 9. Nikawaambia toeni mlizonazo kwenye 25. Kimya. Halafu dada mmoja akapiga kelele, "Tisa!" Wakaanza kushangilia kama wamefunga goli. Walikuwa wamepata namba ambayo hawakuisikia.

Nikasema, "Waliokosa mbili au zaidi?" Hakuna mkono hata mmoja. Wiki tatu zote nilikuwa napokea kimya hicho hicho na kukiita kuelewa. Safari hii nikafunga laini ya kurudi: kila mtu aandike kwenye kikaratasi nafasi alizokosa, kisipitishwe kwa sauti, kije mbele. Vikaja vikaratasi 19. Kimoja kilitoka dawati la mwisho kabisa, pembeni, chini ya bati linalovuja. Kimeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Zote tano. Na za jana."

Nikacheka, halafu sikucheka tena. Nilifungua daftari langu la maksi. Yule binti alikuwa na 11 kati ya 50, na pembeni nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe, kwa wino mwekundu, "Hasikilizi." Wadau, kati ya hasikilizi na hasikii kuna tofauti ya silabi moja tu, lakini mimi kwa silabi hiyo nilikuwa nimeshamhukumu mtoto wa mtu. Pale alipokaa, mvua ikinyesha, hata radi angeisikia kwa shida.

Nikamhamishia mbele siku hiyo hiyo. Mngedhani stori imeisha hapo. Haijaisha.

Baada ya kipindi nikaomba daftari lake. Safi! Kila nilichoandika ubaoni kipo, kwa Kiingereza, na michoro imepigwa rula. Nikamwonyesha sentensi moja, nikamwambia nieleze hii. Akaangalia chini.

Hapo nikakumbuka kitu cha mwisho nilichosoma kule kichuguuni. Faili la sinema likifika ukumbini likiwa zima, alama ya kidole imekubali, bado huwezi kuliona. Limefungwa kwa namba za siri. Ufunguo unatumwa peke yake, ni kifaili kidogo sana kinachoweza kuja hata kwa barua pepe, na umetengenezwa kwa ajili ya mashine ile ile tu, kwa tarehe zile zile tu. Ukichelewa ufunguo, una GB mia mbili za hewa na watu wako mlangoni na tiketi.

Daftari la yule binti lilikuwa faili zima bila ufunguo. Tukakaa kwenye benchi lile lile la mparachichi, yeye na wenzake watano, nusu saa, nikawaeleza kwa Kiswahili: wimbi ni nini, urefu wake ni nini, kwa nini fupi linavurugwa na tone la mvua. Kisha tukarudi kwenye Kiingereza, sentensi moja moja. Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na najua kuna watakaonirarua hapa. Mtihani ni wa Kiingereza, sikatai, ndiyo maana tulirudi. Nasema tu kwamba kurusha faili bila ufunguo siyo ukali wa taaluma, ni kupoteza mawimbi.

Mtihani uliofuata alipata 23 kati ya 50. Siyo muujiza. Nusu ya darasa bado walikuwa chini ya 20, na mimi nikaondoka nikiwaacha, maana TP ina tarehe zake kama ule ufunguo. Hilo linaniuma mpaka leo nikiwa hapa.

Msimamizi alirudi mara ya pili. Akauliza swali lake lile lile. Nikamtajia watano walioelewa, kisha nikamwambia, "Na hawa tisa hawajaelewa, na najua walipokwama." Aliandika kwenye karatasi yake. Sijui aliandika nini, matokeo hayajatoka, na nikipata C nitaipokea.

Vikaratasi ndivyo nilivyobaki navyo. Kila kipindi, dakika tano za mwisho, kila mtu anaandika alichokosa, bila jina kama hataki. Karatasi moja ya daftari inatoa nane. Gharama yake haifiki hata bando la siku.

Ngoja niishie hapa, watu wa diskasheni wameshaanza kukizunguka kimbweta kwa macho ya kifisi. Nyie mliokuwa TP Lindi na Kigoma, kwenu mlijuaje kama watoto wamepokea? Msinidanganye kwamba mliona kwa macho, maana hata mimi nilikuwa naona.

Tuko pamoja.